Mchumia juani ale kivulini, bila kujishaua

WAHENGA walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Lakini humu nchini, mstaafu anayediriki kuketi kivulini hugundua kuwa macho ya watu hayambanduki. Mwalimu aliyefundisha miaka 35 akinunua gari lake la kwanza, majirani husema ameanza kuponda mali. Asiponunua chochote, hao hao humwita bahili.

Lawama hizi zina chanzo. Katika jamii zetu nyingi, mshahara haujawahi kuwa wa mtu mmoja. Ulilipa karo ya wadogo, ukachangia harambee za matibabu na mazishi. Kwa hivyo kiinua mgongo kinapofika, jamaa hukihesabu kuwa fungu la ukoo, na raha ya mwenyewe huonekana kama dhuluma.

Sababu ya pili ni namna fedha zenyewe zinavyolipwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, mtumishi wa umma aliye katika mpango wa zamani huruhusiwa kupokea robo ya pensheni yake kwa mkupuo, na robo tatu zinazosalia hulipwa kila mwezi. Katika mpango mpya wa kuchangia, ulioanza Januari 2021, anaweza kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Watu huuona mkupuo huo tu. Hawaoni kwamba kinachofuata kila mwezi aghalabu ni kidogo kuliko mshahara uliokoma.

Hapo ndipo starehe na kujishaua hutengana. Starehe ya halali ni ile ambayo pensheni ya mwezi inaweza kuikimu: kiti kizuri barazani, gazeti la kila asubuhi, nyama ya Jumapili, au safari ya treni hadi Mombasa kuiona bahari ambayo mwalimu aliifundisha miaka yote bila kuigusa. Kujishaua, kwa upande mwingine, hula mbegu. Ni gari kubwa linalodai mafuta, bima na vipuri. Ni kuwanunulia vinywaji wateja wote wa baa. Ni nyumba ya vyumba vinane kwa watoto waliokwisha kuhama.

Isitoshe, kujishaua huwaalika matapeli wenye ploti zisizokuwepo na biashara za faida ya haraka. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mnamo 2009. Anayepoteza akiba yake katika umri huo ni nadra kupata mwajiri wa kumpa nafasi ya kuanza upya.

Hata hivyo, hofu isimfanye mtu afe maskini juu ya fedha zake. Akiba haiozi, ni kweli, lakini mwenye akiba huzeeka. Magoti yanayoweza kupanda ngazi za Fort Jesus leo huenda yasiweze miaka 10 ijayo.

Lililo muhimu ni mstaafu kuizungumza na jamaa zake mapema, kabla ya fedha kuingia benki: fungu hili ni la kusaidiana, hili ni la matibabu, na hili ni langu. Akishasema hivyo, na aketi kwa amani. Aliyewalipia karo watu wazima wa leo hana haja ya kuwaomba ruhusa ya kununua kiti.