Matembezi ya Kijiji cha Kiingereza (2): Haki Iliyo Chini ya Unyayo

Juma lililopita tuliona jinsi kijiji cha Kiingereza kilivyokaa: kanisa katikati, baa, shule, nyumba za mawe, kisha mashamba pande zote. Leo tunatoka nje ya nyumba ya mwisho. Mgeni anayefika Selborne, kijiji cha mkoa wa Hampshire kusini mwa Uingereza, anaweza kuingia katika konde la ngano la mtu asiyemjua, kufungua lango lake, kupita kando ya ng'ombe wake na kurudi kijijini baada ya saa moja na nusu bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Matembezi kama hayo huitwa mepesi, na anayeyasifu hutaja sababu mbili: nchi yenyewe ni ya vilima vya upole, na wenye mashamba ni wakarimu. Hoja yangu ni kwamba sababu hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya jambo. Wepesi wa kutembea mashambani Uingereza umeletwa na sheria, na sheria hiyo ilizaliwa na miguu ya watu waliokuwa na kazi zao.

Tuanze na nchi yenyewe. Nyuma ya Selborne kuna kilima cha chaki kilichofunikwa na miti ya bichi, kinachopanda ghafla kwa takriban mita 90, na mvua ikinyesha kinateleza vibaya. Kwa umbo lake hakimfai mzee wala mtoto. Mwaka 1753 Gilbert White, kasisi aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1720, alishirikiana na ndugu yake John kuchonga njia ya kupindapinda mpaka juu, na baadaye ikachongwa nyingine ubavuni mwa kilima, yenye mwinuko mpole zaidi. White ndiye mwandishi wa kitabu cha viumbe vya Selborne kilichotoka mwaka 1789, na maarifa yake mengi aliyapata kwa kuzirudia njia zilezile miaka nenda miaka rudi. Swali lililomsumbua hadi uzeeni lilikuwa mbayuwayu na teleka huenda wapi baridi inapoanza. Ndugu yake, aliyehudumu Gibraltar, alimpasha habari za makundi ya ndege wanaovuka bahari pale, lakini White hakuacha kabisa kudhani kwamba baadhi hujificha na kulala hukohuko Uingereza. Sasa tunajua kwamba teleka wa Uingereza huishi miezi hiyo katika anga ya Kongo, kwa hiyo huenda msomaji wetu wa Kisangani amekwisha kuwaona wageni wa White bila kujua wanakotoka.

Upande wa pili wa kijiji njia ni ya namna nyingine. Inaanzia uwanja wa kanisa, inashuka hadi kwenye kijito na kufuata bonde kuelekea mahali palipokuwa na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino tangu karne ya 13. Hakuna aliyeitengeneza njia ya namna hiyo kwa ajili ya burudani. Kotekote Uingereza vijia vya aina hii vilikanyagwa na watu waliokwenda kusali, kusaga nafaka, kukamua ng'ombe, kuuza siagi au kuzika. Aliyebeba gunia begani hatafuti mandhari. Hutafuta mteremko mdogo, kivuko kisicho na kina na mwendo mfupi. Watu wanne wenye jeneza hukwepa bonde la matope hata kama linafupisha safari. Ndiyo maana njia nyingi za kijiji ni fupi, zinaanza au kuishia kanisani, na zinaungana kiasi cha kumwezesha mtu kwenda kwa moja na kurudi kwa nyingine. Mtembezi wa leo anarithi busara ya watu waliochoka.

Lakini kukanyaga peke yake hakukutosha. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ikitumiwa kwa pamoja, na eneo lililoguswa ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote. Vijia vingi vilikufa hapo, ingawa vingine viliandikwa upya katika hati za mgao. Kisha mwaka 1815 ikaja sheria iliyowapa mahakimu wawili wa eneo uwezo wa kuifunga njia wanayoiona haina haja. Mahakimu hao kwa kawaida walikuwa wenye ardhi wenyewe, au marafiki wa wenye ardhi. Jibu lilitoka mijini: chama cha kulinda vijia vya kale kiliundwa York mwaka 1824, na Manchester wakafuata mwaka 1826. Watu hukumbuka zaidi tukio la tarehe 24 Aprili 1932, vijana wa viwandani walipopanda kwa mamia mlima wa Kinder Scout uliotengwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na watano wakafungwa, akiwemo Benny Rothman aliyekuwa na umri wa miaka 20. Ujasiri wao nauheshimu sana. Hata hivyo, kwa mwanakijiji anayetaka kufika kijiji cha pili, naona kazi kubwa zaidi ilifanywa na wale waliokaa miaka mingi wakikusanya ushahidi, njia moja baada ya nyingine. Kazi yao ndiyo iliyopata umbo katika sheria ya mwaka 1949, iliyoziagiza halmashauri za mikoa ya Uingereza na Wales zichore ramani rasmi ya kila njia ya umma. Katika sehemu nyingi mabaraza ya vijiji ndiyo yaliyozipita njia hizo na kuziandika. Njia ikishachorwa humo, ramani ni ushahidi usiopingwa mahakamani kwamba ipo.

Utaratibu ambao kwao sheria huifanya njia kuwa ya umma unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiko jibu la dai la ukarimu liliko. Umma ukiitumia njia kwa miaka 20 mfululizo, sheria huchukulia kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa kama kuna ushahidi kwamba hakukusudia hivyo. Masharti ni kwamba watu wapite bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila ruhusa. Hilo la mwisho ndilo linaloshangaza wengi. Mwenye shamba akisema "piteni tu, mnakaribishwa", miaka hiyo haihesabiki, na kesho anaweza kufunga lango. Hisani, kwa maana hiyo, huzuia haki isizaliwe. Haki ikishapatikana, kijia chenye tope kinahesabiwa kuwa barabara ya umma kama ile ya lami, na hakifi kwa sababu hakuna aliyekipita kwa miaka hamsini. Fikra ya miaka 20 si ngeni Afrika Mashariki: sheria ya Kenya ya ukomo wa mashauri nayo humpa mtu haki ya kupita katika ardhi ya jirani baada ya muda huohuo, ingawa hiyo ni haki ya jirani kwa jirani, wala si ya kila mpita njia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazuri kwa mtembezi na mabaya kwa mkulima. Pingamizi hili lina uzito. Mbwa aliyeachiwa huua kondoo, lango lililosahauliwa wazi hutoa ng'ombe barabarani, na ng'ombe mwenye ndama anaweza kumkanyaga mtu hadi kumuua. Lakini haki yenyewe ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Ni haki ya kupita na kupumzika kidogo, si ya kulima, kuokota mazao wala kupiga hema. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya kijia kinachokata katikati ya konde mradi akirudishe ndani ya siku 14, na upana unaodaiwa ni mita moja. Ngazi za kuvukia ua na malango ni juu yake kuyatunza, ila anaweza kuidai halmashauri angalau robo ya gharama. Zaidi ya hayo, vijiji vyenyewe huishi kwa watembezi. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia na mifugo zaidi ya milioni 6 kuchinjwa, vijia vilifungwa karibu nchi nzima kwa miezi kadhaa. Hoteli, baa na maduka ya vijijini yalikosa wateja, na ndipo serikali ilipotambua kwamba uchumi wa mashambani haukai shambani peke yake.

Wengine hupinga kutoka upande wa pili: kwamba mstari wa mita moja ni haki ya kimaskini, na Uingereza ingefuata Scotland, ambako tangu sheria ya mwaka 2003 mtu yuko huru kutembea karibu kila mahali mradi asiharibu. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 ilifungua milima, nyika na ardhi za pamoja tu, takriban asilimia 8 ya nchi. Ningefurahi eneo hilo likipanuliwa. Lakini uhuru wa kuzurura hauondoi haja ya njia. Bibi wa miaka sabini anahitaji kujua ni wapi daraja lilipo na ni upande gani wa ua aufuate, na hilo hulipata kwenye mshale wa manjano uliopigiliwa nguzoni, au kwenye vistari vya kijani vya ramani ya Ordnance Survey. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno lenyewe "rahisi". Ngazi ya kuvukia ua ni kizuizi kwa mwenye magoti mabovu, na kwa mwenye kiti cha magurudumu ni ukuta. Viwango rasmi vya nchi hiyo vinataka kwanza pengo wazi, pasipowezekana lango, na ngazi iwe ya mwisho kabisa, lakini maelfu ya ngazi za zamani bado zipo. Aidha, tathmini ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Julian Glover ilikiri kwamba Waingereza wengi wenye asili ya Afrika na Asia huziona hifadhi za mashambani kama mahali pasipowahusu. Haki yao ya kupita ni ileile, na msomaji wetu aliyeko Leicester au Reading ana uhuru uleule alio nao mzaliwa wa Selborne.

Tena ramani yenyewe haijakamilika. Mwaka 2020 chama cha watembezi cha Ramblers kiliwaita watu walinganishe ramani za zamani na za sasa, wakabaini zaidi ya maili 49,000 za njia za Uingereza na Wales ambazo huenda zilisahauliwa kuandikwa. Kila moja inahitaji hati za mgao, ramani za kale au wazee watakaotoa ushahidi kwamba walipita hapo, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Juma lijalo: jinsi ya kuisoma ramani ya matembezi, na la kufanya ukikuta njia imefungwa.