Vinyago na Mwanga wa Dirisha

Kiboko wa jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, twiga wa mpingo aliyechongwa Ukambani, ndege wa kioo kutoka karakana ya Kitengela Glass aliyoianzisha Nani Croze: mkusanyaji wa Noonkopir, hapa Kitengela, anaweza kuvipata vyote bila kwenda mbali. Kuvipiga picha sebuleni ndiko kunakomtatiza, na chanzo mara nyingi ni fleshi ya simu. Fleshi imekaa ubavuni mwa lenzi, hivyo mwanga wake hupiga kinyago usoni na kufuta vivuli. Kivuli kikiondoka, mikunjo aliyoihangaikia mchongaji nayo huondoka.

Zima fleshi. Weka meza karibu na dirisha, mwanga uingie kwa upande mmoja, na ng'ambo ya pili simamisha karatasi nyeupe ya manila ili kivuli kisiwe cheusi tititi. Dirisha likiwa karibu ni pana mno kwa kinyago cha kiganjani, na chanzo kipana ndicho kinacholainisha kingo za vivuli.

Ila dirisha lipi? Vitabu vya Ulaya husifu la kaskazini, kwa kuwa huko jua halipiti upande huo. Sisi tuko takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita kaskazini yetu kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Basi mwezi wa Juni tumia dirisha la kusini, na Desemba la kaskazini. Mwenye dirisha moja tu atundike pazia jeupe jepesi.

Maghorofa ya Kitengela yamebanana, kwa hiyo chungulia pia ukuta wa jirani. Ukiwa wa kijani na unapigwa na jua, rangi yake itaingia ndani na kutua juu ya jiwe jeupe. Taa ya chumbani nayo izimwe: mwanga wa mchana una takriban kelvini 5,500, balbu ya manjano 2,700, na kamera haiwezi kuzisawazisha zote mbili kwa pamoja.

Usiku, balbu za LED za bei nafuu huleta mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu hizo humemeta mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, simu ikiwa kwenye stendi.

Mpingo unadai subira zaidi. Mti mweusi uliong'arishwa huonyesha kilicho mbele yake kuliko mwili wake, na mwanga huuacha kwa pembe ile ile uliyoingilia. Futa vumbi na alama za vidole, kisha sogeza manila polepole huku ukitazama skrini. Utafika mahali ambapo mstari mweupe utashuka shingoni mwa twiga hadi mgongoni. Hapo ndipo pa kupigia.

Kioo hakipigwi mwanga kwa mbele. Tandika shuka jeupe nyuma yake, uliangaze hilo shuka, halafu simamisha vipande vya kadibodi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya picha. Kioo kitavuta weusi huo na kujichora kingo. Zikibaki hafifu, punguza upana wa shuka hadi liishie pale pale picha inapoishia.