Pikipiki: Gharama Zake na Mapenzi Yake ya Maisha

Kwa mtu wa kipato cha kawaida katika Afrika Mashariki, pikipiki ndicho chombo cha moto kilicho rahisi zaidi kumiliki. Bei ya gari dogo lililotumika hutosha kununulia pikipiki mpya kadhaa. Lakini bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu. Mwenye pikipiki huendelea kulipa: mafuta kila siku, oili kila baada ya wiki chache, bima kila mwaka, na siku moja injini yenyewe. Pamoja na gharama hizo zote, wapo watu waliopanda pikipiki ujanani na hawajashuka hadi uzeeni. Wengi hudhani kwamba gharama na mapenzi hayo yanapingana. Ukweli ni kwamba yanakwenda pamoja, kwa sababu pikipiki inayodumu moyoni ni ile inayotunzwa, na kutunza ndiko kunakogharimu.

Kununua

Pikipiki nyingi zinazouzwa Tanzania, Kenya na Uganda zina injini ya silinda moja, ya mipigo minne, yenye ukubwa wa cc 100 hadi 150 na inayopozwa kwa upepo. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS, zote za kampuni za India, zimeenea sana, zikifuatiwa na chapa za China kama Haojue, SanLG na Fekon. Zimependwa kwa kazi kuliko kwa sura. Injini yake hufunguka kirahisi, kiti chake ni kirefu, keria yake hubeba mzigo, na speya zake hupatikana hata katika miji midogo.

Mwenye pesa taslimu hununua na kuondoka. Asiye nazo huingia mkataba: mwenye mali humkabidhi kijana pikipiki, kijana huleta hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, kisha chombo kinakuwa chake. Chukulia pikipiki iliyonunuliwa kwa shilingi za Tanzania 3,000,000, na hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 65. Kijana atakuwa amelipa shilingi 3,900,000. Zile 900,000 za ziada ndiyo gharama ya kukosa mtaji. Tena, akiendesha kilomita 100 kwa siku, siku anayokabidhiwa kadi ya usajili, pikipiki itakuwa imekwisha kutembea kilomita 39,000. Ndiyo maana katika mkataba ni lazima kukubaliana mapema nani atalipia matengenezo makubwa, nani atalipia bima, na itakuwaje dereva akiugua au chombo kikiibwa. Makubaliano hayo yaandikwe na yashuhudiwe.

Anayenunua iliyotumika ana kazi ya ziada. Namba ya injini na ya chesisi zilingane na zilizo kwenye kadi. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba injini inaunguza oili, dalili ya ringi kuchoka. Moshi mweusi unaonyesha kwamba petroli inayoingia ni nyingi mno. Umiliki ubadilishwe rasmi mara moja, maana jina likibaki la mtu wa kwanza, yeye ndiye atakayetafutwa likitokea la kutokea, na mnunuzi hatakuwa na uthibitisho kwamba mali ni yake.

Leseni, usajili na bima

Nchini Tanzania usajili hufanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na namba za pikipiki huanza na herufi MC. Nchini Kenya kazi hiyo iko chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, na namba huanza na KM. Dereva anahitaji leseni ya daraja la pikipiki, na anayebeba abiria kwa malipo anahitaji pia kibali cha usafirishaji.

Bima ndogo, ambayo sheria inaitaka, humlinda mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali. Haimlipi mwenye pikipiki hata senti kwa chombo chake kilichoibwa au kuvunjika. Bima kubwa hufanya hivyo, ila ada yake iko juu zaidi. Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo mtaji wake pekee, tofauti ya ada hizo mbili inastahili kupimwa kabla ya kuchagua iliyo rahisi.

Tanzania ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo cha moto mwaka 2017 na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo anayeendesha sana hulipa zaidi, na anayeendesha kidogo hulipa kidogo.

Mafuta

Pikipiki ya cc 100 iliyo katika hali nzuri hutembea takriban kilomita 50 kwa lita moja, na mara nyingine zaidi. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutembea kilomita 12,000 na kutumia lita 240. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 720,000 kwa mwaka. Pikipiki ileile ikichoka hadi ikatembea kilomita 40 tu kwa lita, hutumia lita 300, yaani shilingi 900,000. Shilingi 180,000 zimetoweka bila mwenyewe kuona zilikokwenda.

Mara nyingi zinapotelea kwenye mambo madogo: tairi lisilo na upepo wa kutosha, chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi iliyochakaa, breki inayoshika wakati haijakanyagwa, au kabureta iliyorekebishwa kwa kubahatisha. Mzigo uliozidi nao hula mafuta. Bei ya petroli haiko mikononi mwa dereva. Nchini Tanzania bei kikomo hutangazwa kila mwezi na mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA. Hali ya pikipiki iko mikononi mwake.

Matunzo

Hapa ndipo umri wa pikipiki unapoamuliwa. Injini ya pikipiki ndogo hubeba takriban lita moja tu ya oili, na oili hiyohiyo hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Kazi ni nyingi, oili ni kidogo, na joto ni kali. Madereva wa bodaboda wanaojali hubadilisha kila baada ya kilomita 1,000 hadi 1,500. Anayeendesha kwa safari fupi za binafsi afuate kitabu cha pikipiki yake. Chupa yenye alama ya JASO MA ndiyo inayofaa, kwa kuwa baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi iliyomo ndani ya oili hiyo huanza kuteleza: injini inanguruma, mwendo hauongezeki.

Asiyebadilisha oili huokoa bei ya chupa moja na kuandaa gharama kubwa mara nyingi zaidi. Ringi huisha, ukuta wa silinda huchubuka, injini hushushwa, silinda hupanuliwa kwa mashine na kufungwa pistoni kubwa zaidi. Siku injini iko kwa fundi, pikipiki haiingizi kitu, na hesabu ya mwenye mali haisubiri.

Mnyororo nao una sheria zake. Ukilegea huruka na kula meno ya spoketi. Ukikazwa mno huharibu beringi. Vumbi na matope huumaliza haraka, hivyo hufutwa na kupakwa oili mara kwa mara, hasa baada ya mvua. Unapochakaa hubadilishwa pamoja na spoketi zote mbili, maana mnyororo mpya juu ya meno ya zamani huisha kabla ya wakati wake. Matairi, viatu vya breki, nyaya za klachi na taa hukaguliwa kabla ya kuondoka. Speya bandia hupunguza gharama ya leo tu, na kiatu cha breki cha bandia kinaweza kugharimu uhai.

Thamani ya matunzo ilionekana wazi katika huduma za afya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa habari Mwingereza Barry Coleman na Randy Mamola, dereva wa mashindano kutoka Marekani, walikwenda Somalia na kukuta pikipiki zilizotolewa kwa ajili ya wahudumu wa afya zimelala kwa kukosa matengenezo ya kawaida. Kutokana na safari hiyo Barry na mkewe Andrea walianzisha shirika la Riders for Health, lililofanya kazi Lesotho, Zimbabwe, Gambia na kwingineko. Somo lake lilikuwa lilelile kila mahali: mhudumu akague chombo chake kila siku, na kifaa kibadilishwe kabla hakijavunjika. Pikipiki zilizokuwa zikifa mapema ziliweza kufika vijijini mwaka baada ya mwaka.

Gharama ya ajali

Gharama kubwa kuliko zote ni ile isiyoandikwa popote. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam zimepokea majeruhi wengi wa bodaboda. Mguu uliovunjika hudai matibabu, miezi bila kipato, na ndugu wa kuuguza. Familia inaweza kuuza hiyo pikipiki yenyewe ili ilipie hospitali.

Kinga ya kwanza ni kofia ngumu. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi duniani ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini hailindi ikining'inia kwenye usukani, wala ikivaliwa bila kufungwa kamba. Iliyokwisha kupigwa katika ajali itupwe, kwa sababu utando wa ndani unaomeza kishindo umekwisha kubonyea hata kama nje ni nzima. Abiria naye awe na ya kwake. Mafunzo ya udereva yaliyo rasmi, kama yanayotolewa na mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, VETA, yahesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kununua.

Kinachowafunga watu maisha yao yote

Mvuto wa kwanza wa pikipiki ni muda. Mwenye pikipiki hasubiri gari lijae, hasimami saa nzima kwenye foleni, na hatembei kilomita kumi kutoka barabara kuu hadi nyumbani. Mkunga, mwalimu, katekista na bwana shamba wameifahamu faida hiyo tangu zamani. Honda ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, pikipiki ndogo isiyo na mkono wa klachi, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengeneza milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto cha jina moja kilichowahi kufikia idadi hiyo.

Mvuto wa pili ni umahiri. Mkono wa kulia hushika eksileta na breki ya mbele, wa kushoto klachi. Mguu wa kulia breki ya nyuma, wa kushoto gia. Mwili wote huendesha. Kona, mchanga, matope na mteremko kila kimoja kina namna yake, na hata dereva mwenye uzoefu wa miaka thelathini hukutana na jambo la kujifunza. Harufu ya mvua inayokuja, ubaridi wa bondeni, moshi wa mkaa jioni: vyote humfikia bila kioo kati.

Mvuto wa tatu ni kufahamiana. Anayesikiliza injini yake kila siku huijua sauti yake, na hutambua ugonjwa kabla fundi hajaambiwa. Zanzibar, Vespa za Italia zenye miaka mingi bado ziko barabarani kwa sababu wapo mafundi na wamiliki wanaozijua kiungo kwa kiungo.

Mapenzi haya hayana umri. Mwingereza Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 juu ya Triumph ya cc 500, akashuka Afrika kupitia Kenya na Tanzania, na kuizunguka dunia kwa miaka minne. Mwaka 2001, akiwa na miaka 69, alianza tena safari hiyo. Kwa mzee wa kawaida busara ni kuchagua pikipiki nyepesi, yenye kiti cha chini, na kuacha safari za usiku.

Umeme na hesabu mpya

Pikipiki za umeme zinabadilisha mgawanyo wa gharama. Hazina oili ya injini, plagi wala kabureta, ila betri zake ni ghali. Kampuni ya Ampersand ya Rwanda hubadilisha betri vituoni, dereva akilipia nguvu anayotumia. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Hata hizo zina matairi, breki na beringi, na dereva wake anahitaji kofia ileile.

Kwa anayefikiria kununua, kipimo ni kimoja. Asitumie akiba yote kwenye bei ya dukani. Atenge kwanza pesa ya kofia mbili nzuri, mafunzo, bima, na matunzo ya miezi sita. Kisha kila siku ya kazi aweke kando kiasi fulani, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya oili, mnyororo na matairi. Asiyeweza kufanya hivyo bado hajafikia kununua pikipiki, hata kama pesa ya dukani anayo. Anayeweza, na anunue: akiitunza, atakuwa na chombo cha kumfikisha kazini kwa miaka mingi, na cha kumfurahisha hadi uzeeni.