Ngazi 533 za Kanisa Kuu la Köln

Wasikilizaji wa redio Afrika Mashariki walilizoea jina la Köln, mji wa Ujerumani, muda mrefu kabla ya wengi wao kujua mji wenyewe ukoje. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, ilitangaza kutoka huko hadi shirika lilipohamia Bonn mwaka 2003. Siku hizi wapo vijana wetu wanaofika Köln kusoma. Wakitoka tu nje ya stesheni kuu ya treni, hawana haja ya kuuliza kanisa liko wapi: limesimama mbele yao, jeusi kwa moshi wa miaka, minara yake miwili ikipanda hadi mita 157.

Wengi hupiga picha, wakaenda zao darasani. Wanakosa mengi, kwa sababu jengo hili husomwa kwa miguu.

Mlango wa kupandia uko chini ya mnara wa kusini. Wanafunzi hupunguziwa kiingilio, lakini ngazi hazipunguzwi: ni 533, na lifti ya wageni haipo. Ngazi ni za mawe, nyembamba, zinazunguka kama konokono, na wanaopanda hupishana humo humo na wanaoshuka. Mkoba unahamishiwa kifuani, bega linabanwa ukutani, mtu anapita. Baada ya ngazi mia mbili hivi maongezi hukoma yenyewe. Kinachosikika ni pumzi na viatu.

Nafuu huja kwenye chumba cha kengele. Humo imetundikwa kengele ya Mtakatifu Petro, iliyosubuliwa mwaka 1923, uzito wake tani 24, na hulia hasa katika sikukuu kubwa. Januari 2011 ulimi wake, chuma cha kilo 800 hivi, ulikatika na kuanguka wakati kengele ikilia. Ukisimama kando yake ndipo unapoelewa kwa nini mnara ulihitaji kuta nene kiasi kile.

Na hapo mpandaji yuko karibu kabisa na mahali palipo na kisa kikubwa kuliko vyote. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248, lakini katika karne ya 16 fedha na hamu viliisha, mnara huu ukaachwa ukiwa na mita 59 hivi. Winchi ya mbao ya waashi ikabaki juu ya kisiki hicho kwa zaidi ya miaka 300, hata ikawa alama ya mji. Mwaka 1814 nusu ya mchoro wa kale wa uso wa kanisa ilipatikana Darmstadt. Nusu ya pili ikaonekana Paris miaka miwili baadaye. Kazi ilirudiwa mwaka 1842, mafundi wakifuata mchoro wa watu waliokufa karne nyingi nyuma, ikakamilika mwaka 1880. Kwa hiyo miguu inayovuka chumba cha kengele inatoka kwenye mawe ya enzi moja na kuingia ya enzi nyingine.

Juu, kwenye mita 97 hivi, upepo hupuliza kupitia wavu wa chuma. Mto Rhine unaonekana, na daraja la Hohenzollern likimeza treni moja baada ya nyingine. Paa za mji karibu zote ni mpya: mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliuteketeza mji. Kanisa nalo lilipigwa na mabomu 14, likabaki wima.

Kijana unayesoma huko, usingoje wiki ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Panda mapema, siku ya anga safi, ukiwa na viatu vya kukanyagia vizuri. Ukifika juu, tazama pia kuta zilizo karibu nawe: palipo na jiwe jeupe katikati ya meusi, hapo wamepita waashi wa kanisa, ambao hadi leo wanaendelea na kazi.