Shule Imekufa Kweli?

Tangu Septemba 2019 primeri ya Serikali ni bure, kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006. Mbele, wazazi walikuwa wanaongezea mwalimu mshahara. Mtoto asiye na makuta alirudishwa kwao. Sasa madarasa yamejaa na watu wanasema shule imekufa.

Tuhesabu kwanza. Tuseme mu mji mdogo kama Kasenga watoto 25 walifanya mtihani, wakashinda 20: ni 80%. Leo wanafanya 60, wanashinda 36: ni 60% tu. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 60 anachoka, hatukatai. Lakini walioshinda ni 16 zaidi.

Ile njo shida yenyewe: bure inaishia mwaka wa sita. Ku sekonderi wazazi wangali wanalipa. Hao 16, nani atawalipia?