Lutu alichagua kwa macho
Somo juu ya kununua nyumba ya jamaa na kuchagua kartie

Masomo ya Biblia: Mwanzo 13:5-13, Mwanzo 23, Yeremia 32:6-15



Katika makanisa yetu hapa Lubumbashi kuna jamaa nyingi zinazoweka feza kidogo kidogo, miaka na miaka, wengine kwa njia ya likelemba, ili siku moja watoke katika nyumba ya kupanga. Siku ile inapokaribia, komisionere anawapeleka kuona nyumba tatu kwa siku moja, na jioni anawaambia: "Kesho kuna mtu mwingine anakuja na feza mkononi." Baba anaogopa kupoteza, anatoa feza zote. Mwaka unaofuata jamaa hiyo inakuja kwa mchungaji kuomba maombi, kwa sababu lupango ule uliuzwa kwa watu wawili, ao kwa sababu maji yanaingia mpaka kitandani.

Kuomba ni vizuri. Lakini Biblia inatufundisha kuomba na kuchunguza mbele ya kutoa feza.

1. Lutu na bonde lenye maji

Katika Mwanzo 13, Abrahamu alimwachia Lutu achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akachagua. Macho yake hayakumdanganya: majani yalikuwa mazuri kweli kwa mifugo. Lakini hakuuliza watu wa Sodoma wanaishi namna gani. Akasogeza hema yake karibu na mji, kisha tunamkuta katika Mwanzo 19 anakaa ndani ya mji, na binti zake wamechumbiwa na watu wa pale. Mwishoni alitoka alfajiri, akiacha nyumba na mali.

Sisi pia tuna makartie tunayoyatazama kwa macho ya Lutu. Mtu anasema, "Mimi nimemwamini Mungu kwa Golf," ao kwa Bel-Air, kwa sababu ya jina tu. Mungu anaweza kukupa Golf. Lakini kama bei ya pale itakulazimisha kukopa mpaka watoto wafukuzwe shuleni kwa kukosa minervale, kumbuka mtu wa Luka 14:28, anayepaswa kukaa chini na kuhesabu mbele ya kujenga mnara. Tena kuna wanaokimbilia komini ya Annexe, inayozunguka komini zingine sita, kwa sababu bei iko chini. Si vibaya. Lakini hesabu taksi ya kila siku ya baba, ya mama anayeuza sokoni, na ya watoto. Andika kwenye karatasi feza ya mwezi mzima. Nyumba ya bei chini inaweza kukula polepole.

2. Udongo, maji na hewa

Mji wetu ulianza 1910 kwa sababu ya shaba, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kutoa shaba 1911. Moshi wake ulipelekwa na upepo miaka mingi upande mmoja wa mji, na kule Penga Penga kila mtu anaweza kuona namna miti ilivyokufa na udongo ukabaki wazi. Mwaka 2009, watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi ao kiwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko waliokaa mbali, na watoto walizidi watu wazima. Mtoto anacheza chini, anaweka mkono kinywani.

Mwanzoni mwa Novemba 2025 tuliona jambo lingine: maji yenye kemikali yalitoka katika kiwanda cha CDM yakaingia katika makartie ya watu, na Serikali ikasimamisha kazi ya kiwanda kile. Waliokuwa wanakaa pale walikuwa wamenunua malupango kama wewe unavyotaka kununua.

Basi mbele ya kununua, uliza: kiwanda kilicho karibu ni kipi, na kiko umbali gani? Upepo wa kiangazi unaleta vumbi upande gani? Maji ya mvua yanapita wapi? Fika pale mara mbili: mara moja wakati wa kiangazi, na mara nyingine kati ya Novemba na Aprili, asubuhi kisha mvua kubwa ya usiku. Dambo likikauka mwezi wa nane linaonekana kama uwanja mzuri wa kujenga. Angalia chini ya kuta za majirani: alama ya maji haisemi uongo. Uliza pia kama bomba la REGIDESO linatoa maji kweli ao limekauka, na kama ni kisima, kina kiko wapi na choo cha jirani kiko wapi.

3. Watu utakaoishi nao

Mezali 27:10 inatufundisha kwamba jirani aliye karibu anaweza kusaidia kuliko ndugu aliye mbali. Siku mtoto anashikwa na homa saa nane ya usiku, atakayesikia kilio chako ni jirani. Kwa hiyo tembea katika avenyu ile bila komisionere. Salimia wamama wanaouza makala na nyanya, hao ndio wanaojua kartie. Uliza usiku uko namna gani, shule na hospitali viko wapi, na kama wezi wanapita. Rudi pale siku ya posho usiku, uone kama kuna nganda inayopiga muziki mpaka asubuhi. Na tuseme ukweli: angalia pia kama kuna kanisa lenye vipaza sauti vinavyonyima watu usingizi. Sisi Wapentekote tusiwe majirani ambao watu wanawakimbia.

4. Karatasi

Watu wengine wanafikiri kuchunguza karatasi ni kukosa imani. Wasome Mwanzo 23. Efroni alitaka kumpa Abrahamu shamba la Makpela bure. Abrahamu akakataa, akapima shekeli 400 za feza mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji, na andiko linataja shamba, pango na hata miti iliyo ndani ya mipaka. Yeremia naye, wakati Yerusalema umezungukwa na Wababeli, alinunua shamba kwa shekeli 17, akatia sahihi, akaita mashahidi, akamwambia Baruku aweke hati mbili katika chungu ili zidumu. Nabii aliyesikia sauti ya Mungu alitunza karatasi!

Kwetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Unachonunua ni nyumba na haki ya kutumia udongo, na haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement inayotolewa na Conservateur wa titres immobiliers. Fishi ya lupango kutoka kwa shefu wa kartie ni mwanzo tu. Usiishie hapo. Mwombe mwenye kuuza nakala ya sertifika, uende nayo wewe mwenyewe kwenye ofisi, uhakikishe jina, namba, vipimo, na kama nyumba haikuwekwa rehani. Mwite mtu wa Cadastre atafute alama za mipaka, kwa maana Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kuzisogeza.

Kama ni nyumba ya marehemu, kaa na jamaa yote. Sheria ya Jamaa ya 1987 inaweka watoto wa marehemu mbele katika kurithi, hata aliyezaliwa nje ya ndoa kama baba alimtambua wakati wa uhai wake. Ukinunua kwa mtoto mmoja, wengine wanaweza kukupeleka tribinali. Usimnunulie mtu nyumba bila mke wake kujua. Ujiepushe na lupango ulio kando ya reli, chini ya waya za umeme mkubwa, kwenye ukingo wa mto ao ndani ya eneo la kampuni. Na ukishalipa mbele ya mashahidi, usichelewe kubadilisha jina kwenye sertifika. Wengi wanalala na karatasi ya kuuziana tu, na siku baba anakufa, mjane anateseka.

5. Kwako uliyekwisha kununua

Labda unasoma haya na nyumba yako iko karibu na kiwanda. Usihukumiwe moyoni, wala usidanganywe kwamba mafuta ya upako yataondoa vumbi. Pangusa nyumba kwa kitambaa chenye maji kuliko kufagia pakavu. Nawisha watoto mikono mbele ya kula. Usipande lengalenga katika udongo ule. Baba anayefanya kazi mgodini avue nguo za kazi mbele ya kubeba mtoto. Nanyi mnaokaa kartie moja, mwende pamoja kwa burgumesta. Yeremia 29:7 inatutuma kutafuta amani ya mji tunamoishi, na amani ile ni pamoja na maji safi.

Juma hili, baba na mama wakae pamoja, waandike maswali haya kwenye karatasi moja, kisha waombe juu yake. Komisionere akisema mtu mwingine anakuja kesho, mwambie: "Aje." Mungu aliyewapa feza ile hana haraka ya komisionere.

Bwana awape nyumba, na majirani wema. Amina.