Jicho na miguu, maradhi mamoja

Mtoto akilalamika ghafla kuwa jicho linamuuma na haoni vizuri, usikimbilie kumnunulia miwani. Yapo maradhi adimu ya Devic, yaliyopewa jina la daktari wa Ufaransa aliyeyaeleza mwaka 1894. Kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, ikachubua mishipa ya fahamu ya macho na uti wa mgongo, mithili ya waya wa umeme uliochunika. Miguu hulegea, mkojo huziba. Wengine hushikwa na kwikwi na kutapika kusikokoma, wazazi wakadhani ni tumbo tu! Hayaambukizi. Kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004, na sasa hupimwa katika damu. Mwahishe hospitali, kwani dawa ya steroidi ya kudungwa mshipani ikichelewa, upofu au kupooza huweza kubaki. Akipelekwa kwa ajili ya miguu, mtajie daktari na lile jicho la mwezi uliopita.